Naume, Mwandiko Ni Wangu

Naume, mama,

Ukisoma hapa ujue umeshavuka mpaka. Hayo ndiyo makubaliano yangu na mama yako: anakushika mkono mpaka ng'ambo ya Busia, anakukabidhi kwa mama mkubwa Rhoda, halafu ndiyo anaitoa bahasha kwenye blauzi yake. Kama umeisoma kabla ya hapo basi umempekua mama yako, na mimi siwezi kukulaumu, maana upekuzi umeurithi kwangu.

Sasa hivi ni mchana wa Jumapili. Nyinyi wawili mko Ntinda, mmeenda kuwasalimia wenzake wa pale supermaketi anakofanya kazi ya keshia. Nadhani watakupa soda na kukuambia umekuwa mrefu. Mimi niko karakana, hapa mbele ya nyumba. Mtaa wetu wa Katwe leo umetulia kidogo, grenda mbili tatu tu za kukatia chuma zinalia kule chini karibu na mtaro. Nimelaza ubao juu ya mapipa mawili, nimekaa, naandika. Mvua inajikusanya upande wa ziwa. Na lile gari jeupe liko palepale ng'ambo ya barabara, karibu na muuza chapati, kioo kimeshushwa kidogo tu, kiasi cha kutoa moshi wa sigara. Nitalirudia hilo gari.

Habari za sabuni, soksi, na kuamka mapema kumsaidia mama mkubwa, mama yako ameshakuambia, tena mara mbili. Mimi nina kitu kimoja tu cha kukuambia, na ninajijua, nitazunguka kabla sijakifikia. Ni kwa nini unaondoka. Tulikuambia ni shule. Tulisema shule za Bungoma ni nzuri, walimu hawakosi, utakaa na binamu zako. Ulinitazama ukasema, "Sawa, baba," kwa ile sauti ya mtu mzima anayemstahi mtoto. Ulijua si shule. Ila hukujua kwamba ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa ulipozaliwa. Nilikuwa napakua mizigo Port Bell, kwenye zile meli zinazobeba mabehewa ya treni. Shule niliacha darasa la sita, baba yangu, dereva wa jeshi, alipofariki na sisi tukahama kambini. Kiswahili nilichotoka nacho ni cha kambi. Kusoma kwa maana ya kusoma nilijifundisha pale bandarini, kwenye maandishi yaliyopakwa ubavuni mwa mabehewa: uzito, namba, hatari, usisimame hapa. Nilikuwa nasoma kwa sauti, wenzangu wananicheka, wananiita profesa wa mabehewa. Ukipanda juu ya behewa unaona mapaa ya jela kule Luzira. Sisi vijana tulikuwa tunasimama juu pale tunapunga mkono, tunawapungia watu ambao hatuwaoni, halafu tunacheka. Sijui tulikuwa tunacheka nini. Wiki hii nimeufikiria ule mkono wangu mara nyingi.

Kuchomelea chuma pia hakuna aliyenifundisha. Nilimwangalia fundi mmoja akiziba tundu la behewa, siku ya tatu nikamwambia mashine nipe mimi, nikaunguza macho, nikalala siku mbili na kitambaa chenye maziwa usoni. Ndivyo nilivyo. Nikijifunza kitu nusu, ile nusu nyingine naijaza kwa haraka. Mara nyingi imenisaidia. Geti la kwanza nililouza lilikuwa limepinda, na mteja alilipenda. Ndiyo maana nilichelewa kujua kwamba ni ugonjwa.

Siasa niliingia hivyohivyo. Mtaro ulifurika, maji yakaingia karakana zote za huku chini, mashine yangu ikalala majini. Nilipanda juu ya pipa nikaanza kusema. Sikupanga kitu. Nilisema kuhusu mtaro, kuhusu wanaokuja kutuomba kura na kuondoka viatu vikiwa safi, na watu wakapiga makofi. Nilipigiwa makofi mara moja, Naume, nikadhani ni kazi. Katikati ya watu alikuwepo mwenyekiti wa kile chama chetu, chama cha ndoo, maana ndoo ndiyo alama yetu kwenye karatasi za kura, ambacho wakati ule ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya saluni. Akanishika bega akasema watu kama mimi ndio wanatafutwa. Kumbe hakuna mwingine aliyekuwa amekubali.

Unaikumbuka ile kampeni yangu ya kwanza ya udiwani, ulikuwa na miaka kumi. Nilikuwa natembea na spika begani na ndoo nyekundu mkononi, kwa sababu mabango hatukuwa nayo. Watu wa kule juu barabarani walikuwa wananiita Mheshimiwa Ndoo. Mmoja akasema, "Mheshimiwa Ndoo, maji tunayo ya kutosha, sisi tunataka mfereji," na Kato, jirani yangu wa karakana, akamjibu kwamba anipigie kura kwanza, apate na ya kuogea, maana anahitaji. Tulicheka sana ile kampeni. Sikuwa naogopa kitu. Mtu asiye na kura haogopwi, na asiyeogopwa anaachwa aseme.

Halafu ikaja kuhesabu. Hapa kwetu kura zinahesabiwa palepale zilipopigwa, jua likiwaka, watu wote wamesimama. Ofisa anainua karatasi moja moja juu ili kila mtu aone, anataja jina. Wewe ulisimama juu ya tairi la lori unanihesabia kwa vidole. Vidole vilitosha. Na kila ndoo ilipoinuliwa, mlevi mmoja alikuwa anataja mwenyewe: hiyo ya mke wa fundi, hiyo ya Kato, hiyo ya bibi yetu muuza makaa, Jjajja Teo. Watu walicheka mpaka ofisa naye akaweka karatasi chini ajifute macho. Mimi nilicheka pamoja nao mpaka mashavu yakauma. Wewe ulishuka kwenye tairi ukaenda nyumbani peke yako. Nilikukuta umekaa umekunja ngumi zote mbili, na siku ile niliapa kwamba hakuna mtu atanihesabu tena kwa vidole vya mtoto wangu.

Kiapo chenyewe si kibaya. Ila kiliingia ndani yangu kikakaa miaka mitano.

Safari hii, ulipofika wakati wa kuchukua fomu, sheria ilitaka niwe na wapiga kura wachache tu wa kuniunga mkono, waandike majina, namba za vitambulisho, waweke sahihi. Watu wa kuwapata kabla chai haijapoa. Sheria yenyewe niliisoma kwenye simu, yote, huku nachomelea, unajua ninavyosoma. Hakuna mahali ilisema zaidi ni makosa. Nami nikataka mtaa mzima. Nilitaka siku ya kurudisha fomu niweke juu ya meza ya yule ofisa mzigo wa karatasi, aulize hizi ni nini, nimwambie ni watu.

Mwandiko wangu unaujua. Kwa hiyo nikakuchukua wewe, mwenye herufi za kusimama wima, zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja, ambaye hata mwalimu wako alikuwa anakuita umwandikie majina kwenye vyeti vya wenzako. Tulizunguka Jumamosi tatu. Nadhani hizo ndizo siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na sitaki yaliyofuata yazifute. Mtu anafungua mlango, ananisalimia mimi, anakutazama wewe na ubao wako na kalamu. Mama mmoja akauliza, "Huyu ni sekretari wako?" nikamwambia ni waziri wangu, wewe ukasema bila kuinua kichwa, "Waziri hajapata hata maji ya kunywa." Akakuletea juisi. Mtu alikuwa anakuona unaandika jina lake, anainama kulitazama, anatabasamu kama amepigwa picha. Wengine walitia sahihi kwa sababu ya hilo tu. Si kwa ajili yangu wala ya ndoo. Walipenda kuona jina lao limeandikwa vizuri.

Sasa ile jioni ya mwisho. Kesho yake narudisha fomu. Tumekaa mezani, tunapanga karatasi, na kwenye ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho, pako wazi. Mstari mmoja. Wewe unajua ninavyokuwa geti likiwa na nondo moja pungufu. Mteja haoni, lakini mimi silali. Nikauliza nani amebaki. Ukasema Jjajja Teo, lakini amekwenda Masaka mazikoni. Namba yake ya kitambulisho tulikuwa nayo kwenye daftari la kampeni ya kwanza.

Ukasema, "Baba, tumngoje arudi."

Nikasema, "Andika tu. Jjajja ni wetu."

"Na sahihi?"

"Weka kama anavyoweka. Kamsalaba kadogo."

Ulinitazama kidogo, halafu ukaandika. Nakumbuka sauti ya kalamu. Mstari ule haukuhitajika, Naume. Sheria haikuuhitaji, ofisa hakuuhitaji, Jjajja hakuuomba. Niliuhitaji mimi, kwa sababu palikuwa peupe. Na kwa furaha nikazipiga picha karatasi zote, nikazirusha kwenye grupu la chama, nikaziweka na kwenye status yangu: Katwe imeamka. Majina ya watu, namba zao, mitaa yao, vyote. Mtu hata akitaka kuniharibia asingejua aanzie wapi kama nisingemchorea ramani.

Siku tatu nilikuwa mtu mkubwa. Siku ya nne lile gari likaja.

Mtu aliyeshuka alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mtu mpole, akauliza habari za geti la kuteleza. Aliuliza kwa Kiswahili. Unajua mji huu. Mtu akikuongelesha Kiswahili na si Mkenya wala Mkongo, watu wanamdhani askari, wanaanza kutafuta mlango. Kato aliweka grenda chini akaenda msalani, hakurudi. Lakini mimi ni mtoto wa kambi. Kwangu Kiswahili ni sauti ya baba yangu akivua buti. Ndicho nilichomtongozea mama yako pale stendi ya mabasi ya Kenya, ndicho tulichokulelea. Nilifurahi. Yule naye alikulia kambini, au alisema hivyo. Tukaongea habari za tarumbeta ya asubuhi, maharage ya kambi, watoto wa maofisa walivyokuwa wanaringa na baiskeli. Nilimpa stuli. Nilimmiminia chai.

Halafu akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua gotini. Ilikuwa ile picha ya fomu niliyoipiga mwenyewe, wameichapa.

"Fundi," akasema, "huyu mwandiko ni safi sana. Wewe ndiyo uliandika?"

"Mimi?" nikacheka. "Mimi naandika kama nimepigwa shoti. Huyo ni binti yangu. Miaka kumi na tano."

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia.

"Anasoma wapi?"

Nikamwambia na hilo. Akaandika kwa kipande kidogo cha penseli, akakiweka nyuma ya sikio kama fundi.

"Mtoto ana kipaji," akasema.

Hakunishika koo. Hakunitisha, hakuinua sauti, chai alimaliza, akanishukuru. Nilikutoa mwenyewe kwa sababu alikusifu. Nilisikia raha kifuani, Naume, raha ya kweli, nimesimama na chupa ya chai, nikimwangalia anavuka barabara na jina lako mfukoni. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyokusimulia, kwamba hata wakubwa wanausifia mwandiko wako. Nilishika koleo nikarudi kazini, na hata hapo nilichukua muda kuelewa nilichokuwa nimefanya.

Baada ya hapo walianza kuwapitia watu waliokuwa kwenye orodha, mlango kwa mlango, wakifuata mpangilio wetu wa Jumamosi zile tatu. Mchana kweupe. Swali lilikuwa moja tu: hii sahihi ni yako? Wengine walisema ndiyo. Wengine walisema hawakumbuki. Kuna waliosema hawajawahi kuniona, na ninawaelewa, kuna mmoja nimemtengenezea mlango aliowafungulia hao wageni.

Jjajja Teo alirudi kutoka Masaka akawakuta wanamngoja kwenye banda lake la makaa. Walimwonyesha kamsalaba. Akasema si kake. Alinijia mchana uleule, akaketi juu ya debe, hakutaka stuli. Akajifuta vumbi la makaa kwenye vidole.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimesema kweli."

Nikamwambia najua, jjajja.

"Ungeniuliza, ningesema ndiyo. Na wao wangeniuliza, ningesema ndiyo. Hukuniuliza."

Nilisogea karibu naye. Nikaanza kueleza habari za fomu, muda, Masaka, maneno mengi, unavyonijua. Akainua mkono kunizuia, akauliza nani aliweka ule msalaba. Nikainama kuokota koleo. Akanitazama usoni akaelewa, akasema, "Bambi, maskini mtoto," akaondoka. Kesho yake banda likafungwa. Wanasema ameenda kwa mwanawe kijijini. Sijui kama ni kijijini. Nimeuliza watu watatu, wamenipa vijiji vitatu.

Kato alikuja baadaye, hakunitazama. Akaniita kwa jina, akasema, "Onolebo, nifute kwenye orodha." Nikamwambia haiwezekani, fomu zimeshapokelewa. Akasema yeye ana watoto, nami nikasema na mimi ninaye, akasema, "Basi wewe ungejua zaidi." Alivuta mashine yake mpaka upande wa pili wa ukuta. Ulipouliza kwa nini Kato amehama ukasikia nasema ni kivuli, anatafuta kivuli, sababu ya kweli ni hiyo. Simu ya mwenyekiti wetu inaita mpaka inakatika. Nilikwenda ofisini kwake, ile ndoo waliyokuwa wameitundika mlangoni imeshushwa.

Barua ya kuniita kituo cha polisi ilikuja wiki iliyopita. Inasema kuna malalamiko ya sahihi za kughushi. Nifike kesho Jumatatu, saa tatu asubuhi, pamoja na mtu aliyeandika fomu, naye aje na madaftari yake ya shule.

Nimeisoma hiyo sentensi ya mwisho mara nyingi kuliko sheria yote. Ulipouliza madaftari yako yako wapi, mama yako alikuambia yamelowa mvua. Si mvua. Aliyaweka kwenye sigiri, jiko letu la makaa, moja moja, na chai tuliyokunywa Ijumaa ya wiki iliyopita imechemshwa na hisabati yako ya kidato cha pili. Nilitaka kumsaidia, akasema, "Wewe umeshasaidia." Halafu, baada ya muda, akiwa anageuza jivu, akasema, "Ulitaka watu wajue jina lako. Sasa wanajua la mtoto." Tangu siku hiyo anaongea nami habari za safari tu, tiketi, saa, mlango gani. Sina malalamiko. Akirudi kutoka mpakani akanikuta, nitamwachia aseme yaliyobaki.

Ndiyo maana kesho utatoka umevaa sare ya shule na mkoba mdogo, kama unakwenda shule mapema. Sanduku lako lilitangulia juzi na yule mama Mkenya anayeuza viatu, lipo Busia. Ndiyo maana hukuruhusiwa kuwaaga rafiki zako. Ndiyo maana nilikukaripia ulipotaka kumwandikia Grace kadi.

Utajiuliza kwa nini sijiondoi tu. Nimeuliza hilo. Juzi nilivuka barabara mwenyewe, nikagonga kioo cha lile gari, nikamwuliza yule mtu wa shati jeupe: nikijiondoa, hii habari ya mwandiko inaisha? Alifikiri kwa heshima kabisa, kama mtu anayetaka kukupa jibu zuri. Akasema, "Kujiondoa ni kujiondoa. Mwandiko ni mwandiko." Akanipa chapati.

Sijui kama wiki ijayo nitakuwa bado mgombea. Ndani kabisa, nikikaa kimya, naona kwamba bado ninautaka ule ukumbi wa madiwani, bado nina maneno ya kusema kuhusu mtaro, na mtaro bado unafurika. Sikudanganyi kwamba nimepona. Lakini sasa najua kinachonifungua mdomo. Nikitishwa, nafunga. Nikisifiwa, nafungua, natoa vyote, hata visivyokuwa vyangu. Sitakuambia usiwaamini wanaokusifu, utakuwa mpweke sana, na wewe utasifiwa mahali popote utakapokwenda. Nakuambia tu yaliyonipata mimi, kwenye stuli yangu, mchana, na chai mkononi.

Na kingine. Najua usiku utajihukumu, kwa sababu mkono ulikuwa wako. Nakuomba ukumbuke kilichotangulia mkono. Ulisema, "Baba, tumngoje arudi." Miaka yote hii nimesema maneno mengi sana kwenye spika, na hakuna hata moja lililofikia hayo matatu. Uliyasema kwa sauti ya chini, mbele ya baba yako, ukiwa na kalamu mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima mezani pale. Ule mstari uliandikwa na mdomo wangu.

Sasa tazama karatasi unayosoma. Itazame vizuri. Mwanzoni kule utaona mkono wangu bado unaruka, herufi zinakimbia. Lakini tangu ukurasa wa pili, tangu Port Bell, angalia. Zimesimama. Mama, hizi ni herufi zako. Nilibakiza kurasa mbili za daftari lako kabla halijaingia motoni, na siku tisa sasa nafanya mazoezi kila nikiwa peke yangu, juu ya karatasi za mifuko ya saruji, nikimaliza nazichoma. Nimefundishwa na wewe, na ulikuwa mwalimu mgumu. Herufi a na m nimezipata. Mkia wa g bado unanisumbua, wewe unauzungusha bila kufikiri, mimi nafikiri, na unaonekana kwamba umefikiriwa.

Kesho nitawaambia nilidanganya. Nitasema aliyeandika ni fundi mmoja aliyeacha shule darasa la sita, anaona aibu kusema alijifunza kuandika vizuri ukubwani, akamsingizia binti yake ili ajisifu kupitia kwake. Ni uongo unaonifaa, watu wote wanajua napenda sifa. Watanipa kalamu waseme andika Teopista, jina kamili la Jjajja. Nitaandika polepole. Kuna karatasi zako za mtihani kule shuleni, hizo sina uwezo nazo, na sijui kama watazitafuta kabla au baada ya kuniona. Ndiyo maana lazima uwe mbali wakati huo.

Kwa hiyo ninalokuomba ni hili, na ni gumu, samahani. Jifunze mwandiko mwingine. Laza herufi kushoto, zikate mikia, zibanane. Mwalimu wa huko atasema unaandika vibaya, mwache aseme. Usimwandikie mtu barua kwa mkono wa zamani, hata mimi, hata kwenye mchanga. Najua nakunyang'anya kitu ulichokitengeneza mwenyewe. Na hizi karatasi, ukimaliza, mpe mama mkubwa aweke jikoni kwake. Yeye hataulizia.

Nimesikia sauti zenu kule barabarani. Unacheka. Mlango wa gari umefunguka. Ngoja.

Nimerudi. Hakuna kitu. Alishuka kununua chapati tu, mkakutana pale. Nilifika mlangoni nikaona. Alikusalimia kwa jina, "Naume, habari ya masomo?" na wewe ukapiga goti palepale vumbini kumwamkia, vizuri kabisa, kama tulivyokufundisha kuwaamkia wakubwa. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yako, ameshika gauni lako mgongoni. Yule mtu akakuinua, akasema, "Mtoto ana adabu." Kisha akanitazama mimi juu ya kichwa chako, akaonyesha saa yake, akanyoosha vidole vitatu: kesho, saa tatu.

Sasa uko ndani unavua viatu, unaniita nije nione mkufu waliokupa wa Ntinda. Nakuja.

Ukiulizwa, mama, na mtu yeyote, awe mkali au awe mpole, hasa akiwa mpole: wewe hukuandika. Mwandiko ni wangu.

Baba yako